Kipande cha Tatu cha Wimbo wa Thady

Miaka thelathini na minane nimesimama nyuma ya kaunta ya baa ya Marrinan, hapa kijijini Cloonagarra, Ireland, na sijawahi kuona Mmarekani akiingia bila kuuliza mambo mawili kabla koti lake halijakauka: choo kiko wapi, na kama namjua babu yake. Huyo babu kila mara ni Murphy. Mimi huwaonyesha choo, halafu nawaelekeza makaburini, huko Murphy wamejaa tele.

Yule binti hakuuliza lolote. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Februari, mvua inapiga ubavuni, akaingia na mkoba mgongoni, akaagiza nusu glasi ya bia nyeusi. Akapita viti vyote vizuri vya karibu na moto, akaenda kukaa kwenye kona mbaya kuliko zote. Ni ile ya karibu na kidirisha tunachopitishia sahani kutoka jikoni, ambako upepo wa mlangoni unakupiga shingo mpaka asubuhi unaamka umepinda.

"Unaitwa nani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Kirsten Hoglund. Nasoma chuo Limerick, nimekuja muhula mmoja tu."

"Una watu wako huku?"

"Hapana, mama."

"Hata babu mmoja?"

"Babu zangu wote walitoka Sweden."

Machale yakanicheza palepale. Mmarekani asiye na babu Ireland, anasafiri saa mbili kwa basi, kwenye mvua ya Februari, kuja kijiji chenye baa moja, kanisa moja na duka linalofungwa saa sita mchana? Ana lake jambo, nikajisemea. Nami nikishamshuku mtu, simwachi. Ndivyo nilivyoumbwa.

Ijumaa kwetu ni usiku wa muziki. Wanakuja wapigaji wanane, kumi, wakati mwingine wawili tu na mbwa. Mkubwa wao ni Gussie Downes, mzee wa miaka themanini na moja, mpiga filimbi, mdomo haujui kupumzika. Karibu na moto kuna kiti cha mbao ambacho hakikaliwi na mtu. Ni cha marehemu baba yangu, Thady Marrinan, aliyekuwa mpiga fidla bora upande huu wote wa jimbo la Clare. Kila Ijumaa muziki unafungwa kwa wimbo wake mmoja. Tunauita "Wa Thady". Alishinda nao mashindano ya Ennis mwaka niliozaliwa, ukapigwa redioni, na mpaka leo ukiingia baa yoyote kutoka hapa hadi Kilrush utausikia.

Mimi mwenyewe sina muziki hata chembe. Nimerithi kwa mama yangu. Wageni wakiuliza kama upande wa mama nao walikuwa wapigaji, nina jibu langu, na halijawahi kukosa kicheko. "Mama yangu Nonie?" nawaambia. "Mpe kengele ya kanisa aipige, waumini watakwenda nyumbani." Wanacheka, nami nacheka, naendelea kumimina bia.

Sasa sikilizeni kwa nini nilikuwa nimekaa chonjo. Miaka minne nilikuwa nikiisumbua halmashauri. Nimeandika barua, nimepiga simu, nimemkalia kooni diwani mpaka akawa anavuka barabara akiniona. Nilitaka baba yangu awekewe jiwe pale darajani, lenye jina lake na noti za wimbo wake zimechongwa, vipande vyote viwili. Mwishowe wakakubali. Jiwe lilikuwa lifunuliwe Jumapili ya kwanza ya Mei, na wapigaji walikuwa waje kutoka kila pembe. Baba yangu hakuacha shamba, hakuacha kitu. Aliacha wimbo. Mtu yeyote aliyetaka kuugusa wimbo ule angepita juu ya maiti yangu.

Na yule binti aliugusa usiku uleule wa kwanza. Wapigaji walipoanza "Wa Thady", akaweka glasi chini, akaanza kuchezesha vidole juu ya goti. Kipande cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, na vidole vyake bado vinakwenda. Vinakwenda kabisa, kana kwamba wimbo haujaisha! Halafu akatoa daftari akaandika kitu.

"Umemwona?" nikamnong'oneza Gussie.

"Nimemwona. Ana macho mazuri."

"Macho gani, mzee wewe! Anaandika wimbo wa baba."

"Aandike. Ukishapigwa redioni utauficha wapi, Dympna? Chini ya soksi?"

Nikamkata jicho. Gussie anaamini kila mtu, ndiyo maana aliwahi kuuziwa punda kipofu mara mbili, tena punda yuleyule.

Ijumaa iliyofuata binti akaja tena, na iliyofuata. Anakunywa nusu glasi moja mpaka inakosa povu kama maji ya bwawani. Hapigi chombo, haimbi, hatafuti mchumba. Jumamosi na Jumapili anapanda basi anatembea. Nikadhani anakwenda kwenye majabali ya bahari kupiga picha kama wenzake. Kumbe! Binamu yangu Carmel, anayekaa Ennistymon, akanipigia simu Jumatatu moja.

"Dympna, una msichana wa Kimarekani kwako, mrefu, kofia nyekundu?"

"Kafanya nini?"

"Alikuja baa ya huku juzi. Akamfuata kila mzee mwenye fidla. Unajua anauliza nini? 'Wimbo wa Thady una vipande vingapi?' Sasa hilo nalo swali? Mtoto wa chekechea anajua ni viwili."

Nikapiga simu Kilrush. Na huko alifika, swali lilelile. Nikapiga Miltown. Alifika, amelowa chapachapa, akauliza, akaandika, akaondoka. Nikakaa kwenye ngazi na simu mkononi. Nani anapita kijiji kwa kijiji akihesabu vipande vya wimbo? Ni mtu anayetafuta ushahidi. Nilimwona waziwazi akilini akisimama darajani Jumapili ile ya jiwe, mbele ya padri na diwani na kamera, akitoa daftari na kusema Thady Marrinan hakutunga wimbo huu, aliuokota mahali.

Na nitawaambieni jambo ambalo wakati ule nisingemwambia hata padri. Niliogopa kwa sababu baba hakuwahi kusema kwa mdomo wake kwamba aliutunga. Watu walimwambia, "Thady, tupigie ule wako," naye angeupiga huku akitazama sakafu. Nilikuwa nasema ni unyenyekevu. Kuna siku usingizi ukigoma nilikuwa siamini hivyo.

Halafu ikaja habari ya choo. Kwetu choo kiko kwenye ujia wa nyuma, mlango kwa mlango na jiko. Mtu mzima mwenye afya anatumia dakika tatu. Huyu anatumia dakika ishirini! Ijumaa moja mwezi wa Machi nikamkabidhi Gussie kaunta, nikavua viatu, nikanyata na soksi zangu mpaka mlango wa jikoni. Nikausukuma.

Binti amekaa kwenye kigoda mbele ya mama yangu, magoti yanagusana. Mama yangu ana miaka themanini na minane, na tangu baba afariki alikuwa akisema maneno kumi kwa siku, saba kati ya hayo kwa paka. Siku hiyo mashavu yake yalikuwa mekundu. Aliponiona akaingiza mikono chini ya shali upesi.

"Kuna nini hapa?" nikauliza.

"Tunazungumza habari za kuku," akasema mama.

"Kuku gani? Hatuna kuku tangu mbweha."

"Ndiyo hao tunaowazungumza."

Binti akainuka, uso umemwiva. "Samahani, Bi Dympna. Nilipotea nikitafuta choo."

"Umepotea Ijumaa ya sita hii? Mlango una picha!"

Akapita pembeni yangu ameinamisha kichwa. Nikamgeukia mama. "Huyu mtoto anataka nini kwako?"

"Chai," akasema mama, akafumba macho. Akifumba macho mama yangu, hata bomu halimwamshi.

Usiku ule binti alipokuwa akiondoka kwenda nyumba ya wageni, nikaona mkoba wake. Aliingia nao umelegea, na sasa ulikuwa umetuna. Kitu kama boksi kilikuwa kinasukuma kitambaa. Amechukua kitu nyumbani kwangu! Nikakimbilia kabati, nikahesabu vijiko vya fedha vya harusi ya bibi. Vipo kumi na viwili. Nikatazama picha, saa ya ukutani, bakuli la kioo. Vyote vipo. Kisha nikaona kwamba mfuniko wa lile pipa la zamani la unga pale jikoni, ambalo halijawekwa unga tangu nikiwa shule, umefutwa vumbi.

"Mama, ndani ya pipa mlikuwa na nini?"

"Hewa," akasema.

Sikulala. Nikajipangia maelezo: barua za baba, labda, au karatasi inayosema wimbo aliutoa wapi. Mama amezeeka, akili imelegea, mtoto wa watu amemlaghai kwa kuchekacheka akampa. Hasira iliniwaka nikatamani kumfuata kule nyumba ya wageni na gauni la kulalia. Lakini ningesema nini? Nirudishie kitu nisichokijua?

Wiki tatu baadaye, binti akaenda kununua viazi vya kukaanga kwa jirani, akaacha daftari juu ya meza. Msinihukumu. Nilikuwa nafuta meza, na daftari lilikuwa juu ya meza. Ukurasa wenyewe ulikuwa na orodha. Ennistymon, viwili. Kilrush, viwili. Miltown, viwili. Majina kama kumi hivi, na kila jina viwili, viwili. Mstari wa mwisho kabisa haukuwa na jina lolote. Ulisema: vitatu. Chini yake amepiga mstari kwa kalamu mara mbili.

Nikajua nimemshika. Alikuwa amepata mahali fulani wimbo wa zamani wenye vipande vitatu, baba yangu aliiba viwili, na mtoto huyu alikuwa anangoja siku ya jiwe ili atuvue nguo mbele ya ulimwengu. Nikalirudisha daftari lilivyokuwa. Aliporudi nikamuuliza kama viazi vina siki ya kutosha, sauti yangu tamu mpaka Gussie akageuka kunitazama.

Nikaamua kumwahi. Na njia ya kumwahi ilikuwa palepale, ndani ya baa yangu.

Kwetu usiku wa nyimbo una sheria yake, na haikuandikwa popote. Aliyemaliza kuimba au kupiga ndiye mwenye mwito. Anamtaja anayefuata, na aliyetajwa hakatai. Padri hakatai, polisi hakatai, bwana harusi hakatai. Asiyejua kuimba atasimama aseme chochote, hata kama ni orodha ya dawa zake. Na asiyeitwa haanzi. Unaweza kukaa usiku kucha na wimbo kooni, ukiondoka nao nyumbani.

Jumamosi, siku moja kabla ya jiwe kufunuliwa, baa ilifurika kuanzia saa kumi jioni. Jua bado lipo juu, milango wazi, watu wengine wamekaa dirishani kwa nje. Carmel alikuja na basi zima la Ennistymon. Diwani alikuja na tai. Binti alikuwa konani kwake, kando ya kidirisha, na mkoba wake miguuni, umetuna tena. Nikauona. Leo amekuja na ushahidi wake, nikasema moyoni. Haya, tuone.

Nyimbo zikazunguka. Gussie akamaliza yake, akafuta mdomo, akatazama huku na huku, nikajua tu ananitafuta mimi. "Nina mwito," akasema, "na namwita mwenye nyumba. Dympna binti Thady, njoo utuimbie!"

Watu wakapiga meza. Mimi sina wimbo, ila nina kitu kimoja: majina kumi na matano ya timu yetu ya mpira wa magongo, mwaka tuliochukua kombe la wilaya. Huyasema kwa pumzi moja. Nikayasema, kipa mpaka mshambuliaji wa mwisho, watu wakashangilia kana kwamba tumeshinda tena.

Nikanyanyua mkono. "Sasa mwito ni wangu."

Nikamgeukia yule wa konani.

"Namwita Mmarekani. Miezi mitatu anakaa hapa na daftari. Anazunguka nchi nzima akiuliza habari za wimbo wa baba yangu. Basi aupige. Hapa, mbele yetu, tumsikie. Au kama ana la kusema juu ya Thady Marrinan, alisemee hapa, asingoje kesho."

Binti akasimama. "Bi Dympna, tafadhali. Si mimi wa…"

"Hakuna kukataa. Uliza yeyote."

"Kweli, mtoto," akasema Gussie kwa upole. "Hakuna kukataa."

Akatazama kidirisha cha jikoni. Sikuelewa kwa nini anatazama huko. Sauti ya mama yangu ikatoka ndani, kavu, ya watu wawili kusikia lakini tuliisikia wote. "Piga, Kirsten. Ndicho tulichokuwa tunangoja."

Binti akainama, akafungua mkoba, akatoa boksi jeusi lenye pembe sita, na ndani yake kodiani ndogo ya vitufe, ile ambayo zamani wanawake wa Clare walikuwa wakipiga jikoni watoto wakilala. Mbao zake zilikuwa za zamani, ngozi yake mpya kabisa. Sijawahi kuiona maishani. Akakaa, akaanza.

Kipande cha kwanza kilikuwa kama tukijuavyo. Cha pili hivyo hivyo, watu wanagonga miguu. Pale wimbo unapokwisha, pale ambapo kila mtu huinua glasi, hakukoma. Akaingia mahali pengine.

Siwezi kuwaeleza muziki, nimeshasema mimi nilivyo. Naweza kusema hivi tu: maisha yangu yote wimbo ule ulikuwa unaniacha na kitu kifuani, kama mtu aliyeanza kunieleza jambo akaitwa nje. Kipande kile kilirudi kikamalizia kunieleza. Gussie alivua kofia. Carmel alishika mdomo. Nami, Mungu anisamehe, nilijaa hasira kwa sababu kilikuwa kizuri.

"Umekiiba wapi?" nikapiga kelele alipomaliza. "Na hiyo kodiani umeitoa wapi? Ndiyo uliyoichukua kwenye pipa langu!"

"Niliipeleka kwa fundi," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakushusha macho. "Na mwito sasa ni wangu, Bi Dympna. Si ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria," wakasema watu.

"Namwita Bibi Nonie. Yule aliye jikoni."

Wengine wakacheka, kwa sababu ya ile hadithi yangu ya kengele ya kanisa. Kicheko kikafa mlango wa jikoni ulipofunguka. Mama akatoka na kigari chake cha kutembelea, amevaa gauni lake la Pasaka. Alikuwa amevaa kabla! Alikuwa amekaa ndani amevaa, anangoja. Akapita katikati ya watu polepole, akafika karibu na moto, akakaa kwenye kiti cha baba yangu. Hakumwomba mtu ruhusa.

Kirsten akampa kodiani. Vidole vya mama vimevimba viungo, akishika kikombe huwa namsaidia. Alipiga polepole sana. Kipande cha kwanza alikosea mara mbili, cha pili mara moja. Cha tatu hakukosea hata noti moja.

Gussie ndiye aliyesema kwanza. "Hicho cha mwisho niliwahi kukisikia," akasema. "Nilikuwa kijana, naleta maziwa mlango wa nyuma hapa. Kilikuwa kinatoka jikoni. Nikadhani ni redio."

"Ulikuwa unaleta maziwa yenye maji," akasema mama. Kisha akanitazama mimi. "Niliutunga nikiwa na mimba yako. Baba yako alikuwa anakwenda Ennis hana wimbo mpya, nikampa vipande viwili. Wakamuuliza jukwaani ni wa nani, watu wanapiga makofi, naye akanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa. Alinyamaza tu. Akarudi nyumbani na kombe, hakuweza kunitazama. Cha tatu sikumpa. Nilikiandika nikampelekea rafiki yangu Cáit Lillis, kule Milwaukee, Marekani. Nikaiweka kodiani kwenye pipa."

"Cáit alikuwa jirani yetu," Kirsten akasema. "Alinilea, akanifundisha kupiga. Huo wimbo kwake uliitwa 'Wa Nonie'. Alifariki Novemba. Aliniomba nije nimwone rafiki yake kama yupo, na nimpe salamu. Nilizunguka kuuliza nijue kama yupo hata mmoja anayekijua kipande cha tatu. Hakuna."

"Sasa kwa nini usiniambie?" nikamwambia. Nilikuwa nataka bado kumkasirikia mtu. "Kwa nini msiniambie, nyote wawili? Mama! Miaka yote hii, umekaa hatua tano kutoka hapa, kwa nini hukutoka ukaupiga?"

Mama akaweka mikono yake juu ya kodiani.

"Dympna," akasema, "hakuna aliyewahi kuniita."

Niliangalia kile kidirisha. Kilikuwa wazi, kama kawaida. Hakina hata mlango, tuliung'oa nikiwa msichana ili sahani zipite haraka. Miaka thelathini na minane nimesimama pale kaunta nikisema hadithi yangu ya kengele ya kanisa, watu wanacheka, na yeye yuko upande wa pili anaosha glasi zetu.

"Mwito ni wangu sasa," akasema mama. "Nakuita wewe. Na sitaki timu ya mpira."

Wachache wakacheka. Diwani alikuwa anachezea tai yake. Kule darajani jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa, limeandikwa THADY MARRINAN, ALIYETUNGA. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, nikayapeleka kwa mchongaji kwa mkono wangu. Lakini nilikuwa nimeitwa, na aliyeitwa hakatai.

Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikasimama mbele ya kiti, nikawapa watu mgongo, nikamtazama yeye peke yake.

"Mama yangu anaitwa Nonie Marrinan," nikasema. "Wimbo ni wake. Vipande vitatu. Nimewaambia uongo wote waliopita mlango huu, na yeye alikuwa anasikia." Hapo nikabaki nimesimama kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya darasa.

"Endelea," akasema mama.

"Kesho jiwe halifunuliwi. Nitalivunja kwa nyundo."

"Hutalivunja. Baba yako aliupiga vizuri, aachwe alipo. Waambie tu wafute neno moja, na waongeze kipande." Akavuta shali mabegani. "Na sasa mwito ni wako. Usituweke, watu wana kiu."

Nikapangusa uso na aproni. Baa nzima ilikuwa inanitazama, kila mmoja na chombo chake mapajani, kila mmoja anajua wimbo mzuri wa kupiga wakati kama huo.

"Namwita Nonie," nikasema.

Akaupiga tena. Nikamwita tena, na tena, mpaka vidole vyake vikakataa.